Kamanda wa Soksi

Jamani, acheni niisimulie mwenyewe, maana najua mmeshaisikia kwa wengine na kila anayeisimulia anaongeza chumvi ya kwake. Kuna aliyesema nilikimbilia mtoni, kuna aliyesema nilimng'ata mzee wa watu sikio. Sikumng'ata mtu. Nilimwangusha baba mkwe wa dada yangu mbele ya wageni wote, nikamlalia kama kuku anavyolalia mayai, nikawalaza wakwe zetu wa Mugumu na suti zao kwenye tope la kijijini kwetu Nyarero, halafu nikaingia chini ya meza na kipaza sauti mkononi. Hayo ndiyo ya kweli, na nadhani yanatosha, hakuna haja ya sikio.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ng'ambo, kwenye nchi moja ya jangwa (tulikatazwa kuitaja ovyo, na mazoea hayajanitoka), kwa kampuni kubwa ya mambo ya ulinzi. Mtu wa huku akisikia kampuni ya ulinzi anafikiria walinzi wa geti, kama wale niliofanya nao kazi zamani kule Genkuru karibu na mgodi. Hapana. Hii ni kampuni ambayo upande mmoja inatengeneza ndege za vita na makombora, na upande mwingine inawapikia wanajeshi chai, inawazibulia vyoo na kuwafulia soksi. Mimi Mwita nilikuwa upande wa soksi.

Nguo zilikuja ndani ya mifuko ya wavu, kila mfuko una namba lakini hauna jina, unaingia kwenye mashine kubwa, unatoka, unakaushwa, nguo zinakunjwa, unarudi rafuni. Wenyewe sikuwajua kwa sura hata mmoja, lakini kwa nguo niliwajua vizuri sana: huyu anasahau bablishi mfukoni kila wiki, huyu soksi yake imetoboka kisigino na haitupi, huyu anaandikiwa barua na mtoto na anaziacha kwenye suruali mpaka naziokoa zikiwa uji. Halafu siku moja mfuko unakaa rafuni, haufuatwi. Unamuuliza msimamizi, anakwambia weka pembeni, hilo halikuhusu. Amerudi kwao? Amehamishwa? Amekufa? Unaweka pembeni. Ndivyo kampuni kubwa ilivyo, kila mtu anashika kipande chake kidogo na hakuna anayeona mnyama mzima. Kwenye ukumbi wa chakula walibandika picha ya ndege inapaa, na maneno makubwa kwamba sisi sote ni familia moja, ila familia yenyewe ililala kwa pasipoti: wenye nchi zao kubwa, kila mtu na chumba chake, na sisi wa huku pamoja na Wanepali kwenye makontena, vitanda vya juu na chini.

Mahali tulipokuwa sawa ni kwenye handaki la zege, king'ora kikilia. Tulifundishwa hivi: kikianza tu unaanguka hapo hapo ulipo, unamvuta aliye karibu nawe, unafunika kichwa, na ukishasikia mshindo umepita ndipo mnakimbilia handakini. Tulifundishwa mpaka mwili ukawa hauombi tena ruhusa kichwani. Mara nyingi kombora halikuanguka, au lilianguka mbali. Mara moja lilianguka karibu na jiko, na baada ya hapo nilifua mashuka ambayo sitayasimulia hapa, maana hii ni habari ya kuchekesha.

Nyumbani sikuyasema hayo. Mama akiuliza nilimwambia, "Nafanya kazi kambini, mama, kwa wanajeshi," na huo si uongo. Lakini mnajua maneno yanavyotembea huku kwetu. Yalitoka kwa mama kuwa Mwita yuko kambini, yakafika sokoni kuwa Mwita ni mwanajeshi, na yalipofika Itiryo kwa shangazi zangu nilikuwa kamanda. Mimi niko mbali, simu inakatika, nitaanza kumsahihisha nani? (Na tusidanganyane, palikuwa na utamu wake.)

Basi nikapata likizo wakati ule ule wa sendofu ya dada yangu Robi, sherehe ya kumuaga kabla hajaenda kuolewa Mugumu. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo mwenye shughuli alikuwa baba mdogo Matiko, na baba mdogo Matiko ni mtu wa kupanga mambo. Asubuhi ya shughuli akaingia chumbani kwangu akiwa na shuka begani, akakuta jaketi la kazini limetundikwa ukutani, la rangi ya mchanga, lina nembo ya kampuni kifuani. Tulipewa wote majaketi yale, hata wakata vitunguu. Chini yake buti, ambazo tulipewa kwa sababu sakafu ya kufulia inateleza.

"Utavaa hii," akasema.

"Baba mdogo, nimenunua suti."

"Suti hata karani anavaa."

"Lakini hii ni ya kazini tu. Na mimi si..."

"Mwita, mura, kijana wangu, nisikilize." Akakaa kitandani, akashusha sauti. "Robi hana baba. Wale watu wa Mugumu ni wakubwa, wana ng'ombe, wana wasomi. Mume akianza kuinua mkono huko, nani atamfuata? Mimi na goti langu hili? Wacha wamwone kaka yake leo. Wamwone mara moja tu, basi, wakae wakijua."

Hapo alinikamata. Maana nilikuwa mbali miaka ile yote, nikituma hela tu, na Robi alikuwa mdogo nilipoondoka, na sasa anakwenda kwenye nyumba ya watu. Nikasema moyoni, jaketi ni nguo tu, nguo ina ubaya gani? Nikavaa. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo.

Siku iliyotangulia mvua ilikuwa imenyesha, uwanja umekuwa tope na maturubai yamebeba maji yamelegea kama matumbo ya ng'ombe, lakini alasiri jua likatoka na wageni wa Mugumu wakaingia na mabasi yao, wamependeza kweli kweli. Baba mkwe, Mzee Wambura, ni mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, amenyooka, suti rangi ya maziwa. Emsii alikuwa kijana mmoja wa Tarime mjini anayejiita Radi, na Radi hajui kuongea polepole.

"Na huyu sasa," akapiga kelele nilipoingia, "ndiye kaka wa bibi harusi! Amekula mchanga wa jangwani, amelala na bunduki kama mto! Kamanda Mwita! Wakwe, mmemwona? Basi binti yetu mumtunze!"

Vigelegele. Baba mdogo Matiko akaniashiria kwa mkono juu ya jicho. Nikapiga saluti. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba nilitumia mkono wa kushoto.

Nikaketishwa meza kuu, ubavuni kwa Mzee Wambura.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kamanda. Kwani uko kitengo gani?"

Niliona hapo pana mlango wa kutokea, nikautumia nusu. "Niko kitengo cha usafi, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa siri. "Usafi. Naelewa. Mnasafisha wengi?"

"Kwa siku moja?" nikasema. "Wengi sana mzee. Hatupumziki."

Mzee akasogeza soda yake kidogo upande wa pili ili mkono wangu upate nafasi mezani, na tangu hapo akawa ananiangalia kwa pembe ya jicho. Nikajiambia Robi atakaa salama. Nikajiona nimemaliza kazi.

Ikafika shampeni. Radi akaja mbio na kipaza sauti kile kisicho na waya, akakitia mkononi mwangu. "Shampeni ya leo haifunguliwi na emsii! Kamanda atatuhesabia! Kamanda, toa amri!"

Nikasimama. Nikasema tatu. Nikasema mbili. Dijei naye, na simlaumu, alikuwa anafanya wanavyofanya madijei wote duniani, akabonyeza kitufe chake cha kuchangamsha watu, na kwenye maspika yale makubwa kama makabati kikatoka king'ora.

Si kinachofanana na kile cha kambini. Ni kile kile. Kinaanza chini, kinapanda, kinakaa juu. Na kizibo cha shampeni nacho kikalia papo hapo.

Moja sikuifikia. Ninachokumbuka ni ardhi. Nilimkamata Mzee Wambura kwa kola ya ile suti ya maziwa, nikamvuta na kiti chake mpaka chini, nikamlalia, nikamfunika kichwa kwa mikono yangu miwili, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mkononi, sauti yangu ikaenda kijiji kizima: "Laleni chini! Laleni chini wote!"

Na wakalala.

Hilo ndilo watu wa mbali hawaliamini. Wazee wa huku wamewahi kusikia milio ya bunduki za wezi wa ng'ombe, wao ukiwaambia lala hawaulizi lala ya nini, tena wameshaambiwa huyu ni kamanda! Zilianguka safu mbili za mbele, zikafuata za nyuma, kina mama na vitambaa vyao vya sare, kwaya ya kanisani pamoja na kinanda chao, mshenga alijilaza juu ya zawadi. Mpishi mmoja alikimbia akajikwaa kwenye kamba ya turubai, mlingoti ukainama, na maji yote ya mvua ya jana yakamwagika juu ya meza kuu na juu ya keki na juu yangu mimi. (Suruali yangu ililowa kwa maji ya turubai. Nasisitiza.)

King'ora kikakoma. Aliyebaki amesimama ni dijei peke yake, nyuma ya mitambo yake. Akasema kwenye kipaza sauti chake, kwa adabu kabisa:

"Samahani jamani, kuna nini?"

Vichwa vikaanza kuinuka, kimoja kimoja, na vyote vikageuka kunitazama.

"Mura," ikasema sauti chini yangu. "Nitokee."

Nikamtoka. Mzee Wambura akainuliwa na wanawe, upande mmoja maziwa, upande mwingine tope, na krimu ya keki begani. Mwalimu mkuu ni mwalimu mkuu hata akiwa na keki, hakupiga kelele.

"Umeona nini?"

"Sikuona, mzee. Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"King'ora."

"King'ora gani?" akamgeukia dijei.

Na dijei, Mungu amsamehe, alitaka kusaidia. "Labda hiki?" akasema, akabonyeza tena.

Jamani, nilijua. Mara hii nilimwona kwa macho yangu, kidole chake, kitufe, nilijua niko Nyarero nyumbani kwetu, namwona na mama kule amesimama na sahani mkononi. Na bado nilianguka. Nilijikuta chini ya meza kuu nyuma ya kitambaa, magoti yamegusa kidevu, na safari hii hakuna mwingine aliyelala. Nilikuwa peke yangu. Nilisikia mtu mmoja akianza kucheka, kisha akaacha.

Kitambaa kikafunuliwa, akaingia mama. Aliingia kwa magoti, na kitenge chake kipya cha shughuli, akakaa kwenye tope ubavuni kwangu kama tuko jikoni.

"Mwita. Huko kazini wanakufanya nini?"

Nikasema, "Nafua, mama."

"Unafua nini?"

"Nguo. Nguo za wanajeshi. Mimi si kamanda. Sijawahi kushika bunduki, mama, mimi nafua soksi na suruali na mashuka. Kikilia hiki tunalala chini, kila mtu, basi. Kule ni mchana na usiku. Nikija huku nikasikia pikipiki inapiga mshindo naogopa, nalala na viatu, nawaza kuna mfuko nimeuacha rafuni mwenyewe hajaja na sijui kama yuko hai, na simjui hata jina..."

Nilisema mengi zaidi ya hayo. Nililia pia. Mama alikuwa amenishika kisogo ananisikiliza, na mimi nikiongea nikaanza kuona kitu cha ajabu, kwamba kila neno langu linarudi, linatoka huku chini ya meza, linakwenda ng'ambo ya bonde, linarudi. Nikatazama mkono wangu. Kipaza sauti bado nilikuwa nimekikumbatia, na taa yake ya kijani inawaka.

Nyarero yote imesikia. Mabasi ya Mugumu yamesikia. Baadaye shangazi yangu alisema alisikia akiwa kisimani.

Nilikizima. Kilipozimika, huko nje mtu mmoja akasema, wala si kwa ubaya, kama mtu anayejaribu tu neno mdomoni: "Dobi?" Na mwingine akarudia, "Kamanda ni dobi!" na hapo kicheko kikapasuka, kicheko cha watu waliolala kwenye tope kwa ajili ya kizibo, wala siwalaumu, ningekuwa huko ningecheka. Nilipochungulia nilimwona baba mdogo Matiko anaondoka kuelekea zizini, shuka imejikunja shingoni, hageuki nyuma. Wakwe baadhi walikuwa wanakusanya mikoba. Mama mmoja wa Mugumu alikuwa anasema huu ni mkosi, binti haagwi kwa kulazwa chini, twendeni.

Ndipo Robi aliposhuka kwenye kiti chake cha maua. Aliinama akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, akakiwasha, akasimama mbele ya wakwe na gauni lake lina tope mpaka magotini. Sauti yake haikutetemeka, na mimi niliyekuja na buti za kumtisha mtu kwa ajili yake nilikuwa bado nimepiga magoti.

"Huyu ndiye kaka yangu," akasema. "Ninyi mmelala chini mara moja leo na mmekasirika. Yeye analala kila siku, na mimi nimesoma kwa hela ya hiyo kazi. Mwenye neno juu yake aliseme sasa hivi hapa kwetu, nisije kulisikia kule Mugumu nikiwa jikoni kwenu."

Samwel, bwana harusi, alikuwa anamtazama Robi usoni kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mzee Wambura alijifuta krimu begani kwa kidole, akaionja, akasema, "Keki nzuri. Iokoeni ya juu." Kisha akamwambia mkewe akae chini, nyama zisipoe.

Shughuli ikaendelea. Sio kwamba mambo yote yalikuwa mazuri, hapana; watu walikula wakinitazama, na Radi alishindwa matangazo yake, kila alipofika kwangu alikohoa. Nikavua jaketi. Nikamwendea Mzee Wambura nikamwambia, "Mzee, nipe koti. Hiyo krimu ikikauka haitoki." Akavua. Nikalifulia nyuma ya jiko kwa beseni na sabuni ya mche, nikasugua begani mpaka krimu ikatoka, na akina mama wapishi wakawa wananipa maji. Aliondoka nalo likiwa na unyevu. Alilalamika kifungo kimoja kimepotea, na alikuwa na haki, sikukiona mpaka leo.

Baba mdogo Matiko hakuniongelesha siku kadhaa. Alipokuja alisimama mlangoni tu akasema, "Mura, ungeniambia," nami nikamjibu, "Nilianza kukwambia," akafikiri, akasema kweli, ulianza.

Picha za simu zilikuwa zimeshasambaa, mpaka Sirari kule mpakani wananiona nikianguka mara mbili, na nembo ya kampuni inaonekana vizuri kifuani. Msimamizi wangu alinipigia. Hakuuliza kama naumwa. Aliuliza kwa nini sare ya kampuni imeonekana kwenye sherehe isiyo ya kampuni. Nilirudi kumalizia mkataba, maana nyumba haikuwa imeezekwa na kucheka hakuezeki nyumba, lakini nilirudi nikiwa nimejua kwamba kwao jaketi lina thamani kuliko anayelivaa, na mkataba ulipoisha sikuongeza mwingine. Robi yuko Mugumu, mzima, na hadi leo sijawahi kuitwa kwenda kumtetea. Nasikia huko wanamwogopa yeye.

Nilichojifunza ni kwamba ukiacha watu wakutambulishe wanavyotaka, utafika mahali huwezi hata kuogopa bila kuwaangusha wengine. Kwa hiyo niliapa. Sasa nikialikwa shughuli nafika mapema kabla ya wageni, naenda moja kwa moja kwa dijei, namsalimia, namwambia kwa kinywa changu mwenyewe kwamba kuna mlio mmoja siuwezi na ni kwa nini, na kama hawezi kuuacha anitafutie kiti mbali na spika. Wengi wananielewa. Juzi hapa Genkuru mmoja alinikazia macho, kisha akatabasamu.

"Ngoja kwanza. Wewe si ndiye yule kamanda?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni yule dobi."

Akanisogezea kiti.